Daftari la Mjomba: Historia Fupi ya Datsun 240Z na Vifaa Vilivyoongezwa Juu Yake

Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia, bila shaka alitazamia kwamba ningeandika juu ya ujenzi wa reli, au juu ya waanzilishi wa shule yetu. Wengi wenu mnajua kwamba chuo kikuu nilisoma historia, na kwamba kazi yangu serikalini tangu wakati huo imekuwa katika masjala, mahali panapotunzwa majalada. Lakini mwaka huu nimeona niandike historia ya gari moja kuukuu, na hasa historia ya vitu vidogo vidogo vilivyofungwa juu yake baada ya kutoka kiwandani. Naomba msomaji anivumilie. Jambo hili lilitufika nyumbani likatugawanya watu wa ukoo mmoja, nami naona lina funzo kwa vijana waliopo madarasani sasa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, jekundu, lililokuwa la mjomba wangu, ndugu wa mama. Yeye pia alikuwa mwanafunzi wa shule hii katika miaka ya 1960, kisha akawa fundi wa magari mjini Nakuru. Alilinunua kuukuu mwaka 1979, akalitunza mpaka alipofariki mwaka 2019. Katika miaka 40 hiyo, kila alichokibadilisha alikiandika katika daftari la shule lenye jalada gumu: tarehe, kilomita, kifaa alichotoa, kifaa alichotia, na sababu. Daftari hilo ndilo chanzo cha makala haya.

Jinsi gari hili lilivyozaliwa

Kabla ya mwaka 1969, watu wengi nje ya Japani waliijua Datsun kama gari la kazi: pikapu, na saluni ndogo isiyomsumbua mwenyewe. Gari la spoti mtu alilitazamia kutoka Uingereza, Italia au Ujerumani. Mwezi Oktoba 1969 kampuni ya Nissan ilionyesha mjini Tokyo gari jipya lenye boneti ndefu na mgongo wa mteremko, likaitwa Fairlady Z. Kazi ya kuchora umbo lake iliongozwa na Yoshihiko Matsuo. Mtu aliyelipigania zaidi kwa ajili ya soko la Marekani ni Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan huko. Katayama aliona kwamba jina Fairlady halingempendeza mnunuzi wa Marekani, akaagiza nembo hiyo ing'olewe na mahali pake iwekwe nembo ya 240Z. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kubadilishwa katika gari hili kilikuwa jina lake, tena kabla mnunuzi wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo.

Tarakimu 240 zilitokana na ukubwa wa injini: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, yaani karibu lita 2.4. Injini hiyo ilipewa kabureta mbili, ikahesabiwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati ule. Uzito wa gari lote ulizidi tani moja kidogo tu. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake lenyewe, breki za mbele zilikuwa za diski na za nyuma za dramu. Nyumbani Japani wengi waliuziwa lenye injini ya lita 2, kwa kuwa kodi ya huko ilipanda sana gari lilipozidi ukubwa huo.

Bei yake Marekani ilikuwa dola 3,526. Kwa fedha hizo mtu hakuweza kupata Jaguar wala Porsche 911 mpya. Watu walilikimbilia. Umbo hilo liliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1978, pamoja na ndugu zake 260Z na 280Z, na yote kwa jumla yalizidi nusu milioni.

Lakini gari halitolewi kwa bei ndogo bila kitu kupunguzwa mahali fulani. Rimu za 240Z zilikuwa nyembamba, upana wa inchi 4.5 tu. Waya za taa zilikuwa zikipitisha umeme wote ndani ya swichi ya usukani. Bati lilikuwa na kinga hafifu dhidi ya kutu, hasa chini ya miguu na pale betri inapokaa. Msomaji akumbuke mambo haya matatu, kwa maana wenye magari walianza kuongeza palepale kiwanda kilipopunguza.

Safari ilivyotufundisha kufunga taa

Sisi wa Afrika Mashariki gari hili tulilijua kwa njia yetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, wakati wa Pasaka, juu ya barabara zilezile za mabasi na malori. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600SSS. Mwaka 1971 watu hao hao walirudi na 240Z wakashinda tena, na nyuma yao akafuata Shekhar Mehta pamoja na Mike Doughty katika 240Z nyingine.

Mwaka 1973 ulikuwa wa ajabu zaidi. Mehta, aliyezaliwa Uganda, na ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa huko na Idi Amin mwaka 1972, aliendesha 240Z akiwa na Lofty Drews. Walipohesabiwa mwisho, alama zao za makosa zililingana kabisa na za Harry Källström na Claes Billstam waliokuwa katika Datsun 1800SSS. Ilibidi kutazama nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata alama ya kosa, ndipo Mehta akapewa ushindi. Mwaka huo ndio Safari ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Mehta alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, na mpaka alipofariki mwaka 2006 hakuna aliyempita kwa idadi ya ushindi.

Magari yale yalikuwa yamefungwa vifaa vingi. Chini ya injini lilikuwapo bamba la chuma, kwa sababu ya mawe. Mbele zilikuwapo taa za ziada, kwa sababu mbio zilikimbizwa usiku na mchana, na ng'ombe hana taa. Nyuma ya magurudumu zilining'inia raba za kuzuia matope. Msomaji ramani alikuwa na kitaa chake kidogo, ili asome bila kumtia dereva kiwi cha macho. Kila kifaa kilikuwa na sababu yake barabarani, na kisichokuwa na sababu kilikuwa uzito wa bure.

Mjomba alikuwa akisimulia kwamba kila baada ya Pasaka vijana wa mjini walifika gereji wakitaka taa nne mbele, raba za matope na karatasi za kubandika milangoni, hata kama gari lenyewe lilikuwa halitoki nje ya mji. Hakuwacheka. Aliwauliza swali moja tu: "Taa hii itakuonyesha nini ambacho hukioni sasa?" Aliyeweza kujibu alifungiwa.

Yaliyomo katika daftari

Ukurasa wa kwanza, mwaka 1979, hauna jambo la kujivunia. Mjomba aliandika kwamba alibadilisha raba za mlango wa nyuma na za taa za nyuma. Sababu: moshi. Gari lenye mgongo wa mteremko, likienda kasi, huacha nyuma yake hewa yenye msukumo mdogo, na moshi wa ekzosi huzunguka ukatafuta upenyo wa kuingia ndani. Raba zikikauka, dereva huvuta moshi huo safari nzima. Wenye 240Z duniani kote wamelalamikia jambo hili. Dawa yake ni raba mpya, lakini wengi walinunua kwanza redio.

Mwaka 1982 alitoa rimu za inchi 4.5 akatia za inchi 6, na matairi ya upana wa milimita 195 badala ya 175. Hapa aliandika faida na hasara. Faida: gari hushika barabara vizuri zaidi kwenye kona na wakati wa kufunga breki. Hasara: usukani umekuwa mzito wakati wa kuegesha, na mkewe amelalamika.

Mwaka 1986 ukaja uwashaji wa elektroniki. Vijana wa leo huenda hawajapata kuona pointi. Katika distributa za zamani palikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana mara nyingi kila dakika, na kila vilipoachana ndipo cheche ilipotokea kwenye plagi. Vipande hivyo huliwa pole pole, nafasi kati yao hubadilika, na wakati wa cheche hubadilika pamoja nayo, injini ikaanza kukohoa na kunywa petroli. Fundi alipaswa kuvipima na kuvirekebisha kila mara. Ndugu yake mdogo 280ZX, aliyekuja baada ya umbo la kwanza, alikuwa na distributa isiyo na pointi, na tangu mwaka 1979 kisanduku chake cha elektroniki kilifungwa ubavuni pake. Kwa kuwa injini zote mbili ni za ukoo mmoja, distributa hiyo huingia katika 240Z bila kutoboa kitu. Mjomba aliipata katika gari lililogongwa. Miaka michache baadaye aliongeza alteneta ya ukoo huo huo, yenye rejeta yake ndani.

Mafundi wa Marekani walifanya vivyo hivyo. Huko kulikuwa na jambo jingine pia: mwaka 1973 sheria za kupunguza moshi zilifanya 240Z zipewe kabureta za namna mpya, zilizosumbua sana injini ilipopata joto. Wenye magari wengi walizitoa wakarudisha za miaka iliyotangulia. Mara nyingine maendeleo huwa ni kurudi nyuma hatua moja. Mbioni napo, timu ya Peter Brock, na John Morton akiwa dereva, ilishinda ubingwa wa daraja lake nchini humo mwaka 1970 na 1971, na kikinga upepo kilichofungwa chini ya bampa ya mbele, kisha kikanunuliwa na watu wa kawaida, kilitokana na haja ya kweli: boneti ile ndefu hupenda kuinuka gari likikimbia sana.

Mwaka 2003 mjomba alitoa kalipa za breki za mbele akatia za pikapu ya Toyota yenye kuendeshwa na magurudumu manne. Hii nayo ni hila inayojulikana kwa wapenzi wa 240Z kila mahali: kalipa hizo zina pistoni nne badala ya mbili, na hufungika penye matundu yaleyale, baada ya kupunguza kidogo bati la kukinga vumbi. Aliandika onyo chini yake kwa herufi kubwa, kwamba breki za mbele zikizidi nguvu lazima za nyuma zirekebishwe ziwe sawasawa, na kwamba fundi ajaribu kwanza mahali pasipo na watu.

Na katika ukurasa wa mwisho wa jalada, upande wa ndani, ziko sheria zake tatu. Usitoboe tundu usiloweza kuliziba. Usitupe kilichotoka. Andika. Kila kifaa cha zamani alikifunga karata yenye tarehe akakitia katika sanduku la mbao chini ya meza ya kazi: distributa ya pointi, kalipa, rimu, hata raba zilizokauka.

Kosa langu

Sasa nafika katika ukurasa wa 31. Mwezi Desemba 1996 nilikuwa nimemaliza Kidato cha Tatu, na wakati wa likizo mjomba aliniruhusu kufanya kazi gereji. Nilikuwa nimesoma umeme darasani na nilijiona mtaalamu. Mjomba alikwenda msibani siku mbili, nami nikataka kumstaajabisha. Nikafunga taa mbili za ziada mbele ya gari lake, za wati 55 kila moja, nikaziunganisha moja kwa moja na waya wa taa kubwa.

Hesabu yake ni rahisi, na aibu yangu ni kwamba niliijua. Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 hivi. Mimi niliongeza wati 110 nyingine, kwa hiyo ampea zaidi ya 18 zikawa zinapita katika waya mwembamba na swichi iliyochakaa. Fyuzi ilikatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Ya tatu niliiviringishia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama nilivyoona wengine wakifanya, na taa zikawaka vizuri sana.

Jioni yake mjomba alirudi, akafurahi, akanipakia tukaenda Gilgil. Wakati wa kurudi usiku, kabla ya kufika Nakuru, tulisikia harufu, kisha moshi ukatoka chini ya usukani na taa zote zikazimika. Nyuma yetu palikuwa na lori. Mjomba aliliingiza gari kando ya barabara gizani, sijui aliiona wapi, akafungua boneti akang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Lori lilipita likipiga honi. Tuliketi juu ya majani muda mrefu. Hakunigombeza. Alitaka tu nimwambie fyuzi niliitengeneza kwa kitu gani, nami nikamwambia.

Mwezi Januari alifunga relei. Katika mpango huo umeme wa taa hutoka kwenye betri kwa waya mnene, ukapitia relei na fyuzi yake, ukaenda kwenye taa moja kwa moja. Swichi ya usukani huwa kazi yake ni kuiamrisha relei tu, kwa umeme kidogo. Faida ni mbili. Swichi haiungui, na taa hung'aa zaidi, maana volti hazipotei njiani. Volti zikipungua kwa sehemu moja katika kumi, mwanga wa balbu hupungua kwa karibu sehemu tatu katika kumi. Hivyo taa zake za zamani, bila zile zangu, zilianza kuonyesha mbali kuliko mwanzo. Aliyaandika yote hayo ukurasa wa 31. Na penye sababu aliandika jina langu kamili, na maneno "karatasi ya sigara".

Wanunuzi wawili wa bei mbili

Mjomba alipofariki aliacha deni la matibabu. Wakati huo magari haya yalikuwa yamepanda bei duniani. Tayari mwaka 1997 Nissan yenyewe ilikuwa imeanza mpango huko Marekani wa kununua 240Z kuukuu, kuzitengeneza upya na kuziuza. Mwezi Januari 2020 gari moja la mwaka 1971 liliuzwa huko mnadani kwa dola 310,000. Lilikuwa halijatembea sana na lilikuwa karibu kama lilivyotoka kiwandani. Habari za namna hiyo hufika mbali, na watu wakaanza kuulizia magari yaliyolala magerejini.

Mwaka 2022 alikuja mnunuzi mmoja. Alilitazama gari letu nusu siku, akatutajia bei mbili. Bei ya chini ilikuwa ya gari lilivyo. Bei ya juu, iliyozidi ile kwa karibu theluthi moja, ilikuwa na masharti: vifaa vyote vya zamani virudishwe kutoka katika sanduku, nasi tumkabidhi daftari bila kubaki na nakala. Hakuficha sababu. Alitaka kuliuza ng'ambo kama gari ambalo halijapata kuguswa, na daftari lingemharibia biashara.

Tulikaa kikao nyumbani kwa mkaza mjomba. Mimi nilisema kwamba kurudisha vifaa vya zamani hakuna ubaya. Marehemu mwenyewe aliviweka ili viweze kurudi. Tena kuna watu wa heshima wanaopenda gari liwe kama siku ya kwanza, na wana haki yao. Niliomba tu kwamba breki na relei zibaki, kwa kuwa zinalinda roho za watu. Lakini kuhusu daftari nilikataa. Nilisema kwamba katika masjala kila barua inayoingia katika jalada hupewa namba ya folio, na afisa akitoa folio moja, hata kama ni barua ya upuuzi, jalada lote limekuwa uongo, kwa maana anayelisoma baadaye hajui ni nini kingine kilichotolewa.

Binamu yangu mkubwa alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Bwana Afisa, gari ni chuma. Deni ni watu. Wewe unataka Mama alipie folio zako?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sidhani kwamba alikosea kuuliza. Usiku ule nililala pale, nikalichukua daftari nikalisoma lote. Nilipofika ukurasa wa 31 nilifanya jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu siwezi kuwafundisha vijana nikiwa nimelificha. Niliushika ukurasa ule pembeni nikaanza kuuvuta. Nilijiambia kwamba daftari litaonyeshwa kwa wageni, na kwamba mtu wa cheo changu hapaswi kusomwa na kila mtu katika habari ya karatasi ya sigara. Uzi wa daftari ulilegea kidogo. Ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimesema kikaoni saa chache zilizopita, nikauacha.

Asubuhi niliwaambia wote, pamoja na habari ya ukurasa. Mkaza mjomba alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Wanangu, alikuwa akiandika usiku akiwa amechoka, na mikono yake ikiwa na grisi. Kama hakutaka kusomwa angelala. Hatumwuzii mtu huyu."

Mnunuzi aliondoka. Baada ya miezi 7 gari lilinunuliwa na mtu mwingine, ambaye alilitaka kwa ajili ya kuliendesha katika mbio za magari ya kale. Alisoma daftari kurasa zote akiwa amesimama, akachukua nakala yake, pamoja na sanduku la mbao. Bei yake ilikuwa pungufu ya ile ya juu, na deni halikwisha. Lililobaki tuligawana watoto wote, nami sehemu yangu nilikopa katika Sacco ya wafanyakazi na kuilipa kwa miaka miwili. Binamu yangu pia alitoa sehemu yake, tena alikuwa wa kwanza.

Mwisho

Nawaomba vijana wasidhani kwamba ninakataza mapambo. Mjomba mwenyewe alifunga usukani wa mbao kwa sababu uliupendeza moyo wake, na aliandika hivyo hivyo penye sababu: "Napenda." Ninachosema ni kwamba mtu mwenye gari kuukuu, au shule kuukuu, au ofisi kuukuu, aanze na raba, waya na breki kabla ya taa za kuonekana, ajue kila kipya kinaongeza mzigo gani kwa kilichokuwapo, akitunze kilichotoka, na aandike, hata alipokosea, na hasa alipokosea.

Shule yetu nayo imebadilishwa vitu vingi tangu tulipotoka. Mabweni yameongezwa, karakana imehamishwa, na baadhi yetu tukifika hulalamika kwamba si ile tuliyoiacha. Sijali sana mabadiliko hayo. Najali zaidi kama kuna mahali palipoandikwa ni nini kilichotoka, nani aliyekitoa, na kwa sababu gani. Kama hakuna, Kamati yetu ina kazi ya kufanya mwaka ujao, nami nitajitolea kusaidia.

Daftari lenyewe liko kwa mkaza mjomba, na litabaki kwake. Nakala moja nimeikabidhi maktaba ya shule pamoja na makala haya. Mwanafunzi yeyote anayependa magari aiombe kwa mtunza maktaba. Kurasa zote 64 zipo. Ule wa 31 umelegea kidogo kwenye uzi, na katika nakala kivuli chake kinaonekana.